Kilo Nilizokula Bulla Pesa

Siku niliyokabidhi funguo za stoo ya lishe mlinipa saa ya ukutani, wadogo zangu, mimi ambaye sasa sina tena mahali pa kuchelewa. Nashukuru. Nimeitundika sebuleni kwangu Kiwanjani, na kila ikigonga nashtuka nikitafuta viatu. Kisha mkaniomba niwaandikie mambo ya kazi, yale ambayo hayamo kwenye vitabu vya mafunzo. Nani alipandishwa cheo na nani alirukwa, hayo mtayapata kwa kinyozi yeyote mjini. Mimi nitaandika juu ya mizani, maharagwe na mayai, na juu ya kosa moja nililolifanya Bulla Pesa mara mbili kwa wiki, kwa karibu wiki sita, huku nikilitafuna na kulimeza.

Nilifika Isiolo nikitoka Meru. Si mwendo mrefu kwa gari, ila ni mrefu kwa mtu aliyezoea sweta. Nilikuwa na cheti kipya, nilichokipata nikiwa nimeshavuka arobaini, viatu vyeupe na imani kwamba watoto hawakui kwa sababu mama zao hawajui, na kwamba mimi nimekuja kuwajulisha. Zahanati ilikuwa vyumba vitatu na mti mmoja mbele. Mizani yetu ilikuwa ile ya kuning'inia, yenye uso wa duara na ndoano chini, ambayo kwa mtu asiyeijua ni mizani ya buchari. Mama wa kwanza aliyeiona ikining'inia kwenye tawi alimkumbatia mwanawe akaniuliza, "Unapima ujue ama unapima uuze?"

Aliyeniokoa siku hiyo ni Ekiru, mhudumu wa afya ya jamii, Mturkana wa Ngaremara aliyekuwa akija kazini kwa baiskeli isiyo na breki. Alijua Kiturkana, Kiborana, Kisomali cha kutosha kugombana, na Kiswahili pale alipotaka. Cheo hakuwa nacho. Kila kitu cha maana ninachojua kuhusu kazi hii alinifundisha yeye, na mara nyingi alinifundisha kwa kuniacha nikosee kwanza. Alimtuliza yule mama, akamvisha mtoto suruali ya kupimia, akamtundika, akaniita nisome. Nikasogea karibu kabisa, kama nilivyofunzwa, macho sawa na mshale. Mtoto akaninyeshea kuanzia kola hadi viatu vyeupe.

"Sasa umeajiriwa," Ekiru alisema.

Kuhusu mizani hiyo, kwa wale mtakaoirithi: irudishe kwenye sifuri kabla ya kila mtoto. Narudia, kila mtoto, si kila asubuhi. Suruali yenyewe ina uzito wake. Mvue mtoto nguo, viatu, na kwa heshima umwombe mama avue shanga na bangili pia. Kuna hirizi za ngozi ambazo zimewahi kumtoa mtoto kwenye hatari kwa kalamu yangu, na mtoto mwenyewe hakuwa ameongeza chochote. Ule utepe wa kupimia mkono, wenye nyekundu, njano na kijani, usiuvute kama unafunga mzigo. Na usiweke kadi ya kliniki juu ya meza ya chai.

Nikitaja chai napandwa na hasira, kwa hiyo wacha niitoe hapa. Chai ya rangi na mandazi humjaza mtoto na haimjengi. Tumbo la mtoto wa mwaka mmoja ni dogo kama ngumi yake. Ukilijaza chai, yai litakaa wapi? Neno protini nililitoa chuoni nikalibeba hadi Isiolo, na baada ya mwezi nikaliweka kabatini. Nikawa nasema chakula cha kujenga mwili: maziwa, yai, ndengu zilizoiva zikapondwa, omena waliosagwa, nyama iliyokatwakatwa hadi isiwe na ubishi. Kidogo kidogo, mara nyingi kwa siku, na tone la mafuta juu. Wala msidhani kilo zote ni kilo. Palikuwa na baba mmoja hapa Kiwanjani, mtu wa ofisi, aliyeniletea kijana wake wa miaka miwili aliyelelewa kwa soda na biskuti. Alimpandisha kwenye mizani kama anayeonyesha fahali sokoni. Nilimwambia huyu amenenepa lakini hajakua, mikono yake haina nguvu, na akienda hivi tutampima kwa mizani ya magunia. Alinishtaki kwa mkubwa wangu. Mkubwa wangu alinikanya kwa maneno, halafu yeye mwenyewe akaanza kumnyima mwanawe soda.

Sasa nije kwa Darmi.

Darmi alikuwa na miezi kumi na minne na kilo saba kamili. Mama yake, Talaso, alikuwa anauza maziwa kwa madumu kando ya barabara kuu, na baba yake alikuwa mbali na ngamia akifuata malisho. Waliishi kwenye ploti moja Bulla Pesa, vyumba sita vikitazamana na bomba moja la maji katikati. Mwenye sauti nyumbani alikuwa nyanya wa mtoto, mama mkwe wa Talaso, ambaye ploti nzima ilimwita Akko, yaani nyanya kwa Kiborana. Akko alikuwa mwembamba, mrefu, na alipokukaribisha hukuambiwa "kaa", uliketishwa.

Mtoto alinitia wasiwasi mara ya kwanza nilipomwona. Nywele zilikuwa chache na zimepauka, utepe ulisoma njano, na kibaya zaidi, hakuwa akitaka kitu. Mtoto anayelilia kila anachokiona hunipa raha. Darmi aliketi tu akitazama. Daktari wa zahanati alimpima malaria, akamsikiliza kifua, akampa dawa ya minyoo, akanirudishia. "Hana ugonjwa," alisema. "Ni chakula. Huyo ni wako."

Nikaamua kumtembelea kila Jumanne na Ijumaa, na kumpima hapo hapo nyumbani. Njiani siku ya kwanza Ekiru alinipa somo.

"Sista, hapo utapewa chakula. Kula."

"Siendi kula, naenda kazini."

"Hiyo ndio kazi. Ukikataa chakula yao leo, kesho wao watakataa dawa yako. Mgeni akikataa, amefunga maneno."

Nilihubiri siku hiyo, jamani. Nilihubiri juu ya yai kwa nusu saa, kwa mikono yote miwili. Nikasema yai ni tamu, yai ni laini, yai halina mfupa, yai moja kila siku na mtu ataona mabadiliko. Akko alisikiliza kwa adabu kubwa. "Sisi watu wetu hawakuli ndege," alisema mwisho, akicheka, "wala kitu ya ndege." Nikamwambia ajaribu tu, ataniambia. Nikasifu na maziwa pia, kwa vile nilikuwa nimeshaanza. Chai ilikuja, nikanywa, nikaenda zangu nimeridhika.

Ijumaa nilipofika, kuku wawili walikuwa uani, wamefungwa miguu kwa kitambaa chekundu. Nilitamani kuruka. Miaka mitatu nilikuwa nimehubiri kuku mjini humu bila kuona hata unyoya, na mahubiri ya siku moja yamezaa kuku wawili! Niliandika ripoti ya ukurasa mzima. Na siku hiyo, baada ya kumpima mtoto, nililetewa mayai mawili yaliyokaangwa na vitunguu, na kikombe kikubwa cha maziwa ya ngamia. Nikala. Nilikuwa nimefundishwa.

"Mtoto anapata mayai?" niliuliza nikifuta midomo.

Talaso alimtazama mama mkwe wake.

"Mayai iko," Akko alisema.

Nikaandika kwenye daftari: mayai yapo. Mnaona jinsi mtu anavyoweza kuandika ukweli mtupu na bado akawa mjinga.

Jumanne, kilo saba. Ijumaa, kilo saba. Wiki ya pili, ya tatu, saba. Zile nukta za penseli kwenye kadi ya Darmi zilinyooka kama barabara ya kwenda Ngaremara. Nilibadilisha mizani. Nilimpima mtoto mwingine kwenye mizani ile ile kuhakikisha. Nilihubiri tena yai, na maziwa, na safari hii nikaongeza maini. Ijumaa nikaletewa maini. Nilifikiri, watu wakarimu namna hii, wananilisha mimi nisiye wa kwao, kwa nini mtoto wao hakui? Nikaanza kushuku vibaya. Nilishuku wanauza mayai. Nilishuku jirani. Kulikuwa na mbuzi mdogo aliyenona uani, na nikiri kwamba wiki moja nilimtazama mbuzi huyo kwa jicho la polisi.

Wiki ya nne nilikasirika. Nilimwambia Talaso, tena kwa sauti ambayo sijivunii, kwamba kama Ijumaa ya wiki ya sita mtoto hajaongeza, nitaandika barua alazwe hospitali kubwa. Kwangu ilikuwa hatua ya kawaida. Mtoto anayeganda hivyo anaweza kuzimika na homa ndogo tu, na wodini wangeweza kumlisha kwa saa. Nilitegemea abishane. Hakubishana. Alikaa chini palepale alipokuwa.

"Mimi nilipeleka wa kwanza huko," alisema. "Miezi tisa alikuwa nayo. Nilirudi na shuka peke yake."

Sikujua. Hakuna aliyeniambia, nami sikuuliza. Niliteremsha sauti, nikamshika mkono, nikamweleza kwamba huyu si yule, na kwamba wodi ni ya kuokoa. Lakini sheria sikuibadilisha. Ijumaa ya wiki ya sita, kilo zipande au barua iandikwe. Akko alikuwa mlangoni na alisikia kila neno.

Kuanzia siku hiyo sahani yangu ilikuwa kubwa zaidi. Mayai matatu. Kisha matatu na maini. Maziwa yakawa na malai juu ya unene wa kidole. Akko alisimama karibu nami nikila, akinitazama kila tonge, na nikimaliza alipumua.

Siku ya Jumatano ya wiki ile ya sita, saa mbili asubuhi, zipu ya sare yangu ilikataa. Ilipanda hadi kiunoni ikagoma, nami nikaja kazini nimejifunga leso juu ya sare nikisingizia baridi, Isiolo! Ekiru alivuta mizani ya watu wazima kutoka chini ya meza.

"Panda."

"Sina wakati."

"Panda, sista."

Nilipanda. Tangu nilipopimwa mwanzo wa mwaka, nilikuwa nimeongeza kilo nne na nusu. Ekiru alitazama mshale. Akaenda kwenye faili, akatoa kadi ya Darmi, akaitazama ile nayo kwa muda. Akarudi.

"Hii kilo ya mtoto tunatafuta kila mahali," alisema taratibu. "Mimi nafikiri nimeiona."

Nilimkasirikia sana. Sikumsemesha hadi chai ya saa nne, nayo sikuinywa. Lakini kuna maneno yakishaingia hayatoki. Nilichukua mkoba, nikatembea hadi Bulla Pesa, siku ambayo si yangu, bila taarifa kwa mtu.

Talaso alikuwa amerudi kutoka barabarani na alikuwa akisuuza madumu. Akko aliponiona alishika kichwa. "Leo si siku yako!" alisema, kama mtu aliyekutwa nyumba haijafagiliwa. "Iko nne tu!"

"Nne nini?"

Nikaingia. Darmi alikuwa kwenye mkeka akichovya kipande cha mandazi kwenye chai ya rangi. Juu ya kichwa chake, kwenye rafu, kulikuwa na mkebe wa mafuta ya kupikia uliojaa unga wa mahindi, na ndani ya unga, yamepangwa vizuri, mayai manne.

"Akko," nikasema, "haya mayai ni ya nani?"

"Ni yako."

"Yangu?"

"Ya Ijumaa. Ingekuwa sita, lakini wewe umekuja leo."

"Na ya mtoto?"

Alinitazama kama mtu anayemwonea huruma mtoto asiyeelewa hesabu. "Mtoto ni wa nyumba. Mtoto atakula na sisi. Wewe ulikaa hapa, ukasema mayai ni tamu, mayai ni laini, yai moja kila siku. Mgeni mwenye adabu hawezi kusema nipe. Atasifu. Sisi si watu wa kuambiwa mara mbili. Nilinunua kuku."

"Na maini?"

"Ulisifu."

Niliketi juu ya dumu. Kule uani kuku alitetea. Talaso aliweka chini dumu lake, akasema kwa sauti ndogo, bila kumtazama mama mkwe wake, "Na ile barua. Akko alisema tumpatie vizuri. Alisema, akishiba hataandika."

Wadogo zangu, nimewahi kuaibika. Nimewahi kusoma hotuba mbele ya wageni nikiwa nimegeuza leso. Aibu ya siku ile ilikuwa nyingine. Nilipiga hesabu ya ziara na mayai, nikafika ishirini na kitu, nikaacha. Kila nilipotishia, walinilisha zaidi; kila waliponilisha, mtoto alikosa; kila alipokosa, nilitishia. Mimi ndiye niliyekuwa yule mbuzi. Machozi yalinitoka, na katikati ya machozi nikaanza kucheka, jambo lililowatia hofu zaidi.

"Akko," nikasema nilipopata sauti, "nilikuwa nasema mayai ya mtoto. Mimi nimekula chakula cha Darmi."

"Kwani wewe hupendi mayai?"

"Napenda."

"Basi."

Hapo nikafanya kosa la pili, kwa haraka ya kusahihisha la kwanza. Nikasimama nikatangaza kwamba kuanzia leo sili tena nyumba hii, wala yai, wala maziwa, wala maji. Akko alinyamaza. Talaso aliinuka, akatoa shuka, akaanza kukunja nguo za mtoto na kuziweka ndani yake, moja moja. Alikuwa akifunga mzigo wa wodini. Nilimwambia sijaandika chochote, aliendelea kukunja. Ndipo nilipokumbuka maneno ya Ekiru: mgeni akikataa, amefunga maneno. Nilitoka mbio na leso yangu kiunoni hadi zahanati.

Ekiru alikuja, akasalimu, akaketishwa, akaletewa mayai mawili kati ya yale manne. Nilimtolea macho. Akayala yote mawili polepole, "ili mazungumzo ianze vizuri," alisema. Kisha akazungumza Kiborana kwa muda mrefu. Nilielewa jina la Darmi, jina langu, na mahali walipocheka.

"Wamekubali mtoto akule," aliniambia. "Lakini Akko anasema nyumba yake haiwezi kumpa mtoto kitu kizuri na mgeni ameketi mikono mitupu. Na mayai anaona ni chakula ya wageni. Hiyo hawezi kubadilisha."

"Hata kwa ajili ya mjukuu wake?"

"Siwezi kubadilisha adabu," Akko mwenyewe alijibu. "Nikibadilisha mimi, hawa watoto watajifunza wapi?"

Tukakaa wote wanne tukitazama mayai mawili. Vitabu vyangu vyote vilikuwa na sura juu ya minyoo na hakuna hata kimoja chenye sura juu ya adabu.

Wakati huo Mama Mwenda, jirani wa chumba cha pili, Mmeru mwenzangu aliyekuwa na duka dogo mbele ya ploti, alikuja kuchota maji. Mwanawe Mwenda, wa umri wa Darmi, alimtoka mkononi akaja moja kwa moja hadi mlangoni kwa Akko, akasimama, akanyoosha kidole kwenye kibuyu cha maziwa. Akko hakuwaza hata sekunde. Alimimina kikombe, akampa. Mwenda akanywa, akanyoosha tena, akaongezwa.

Ekiru alimtazama. "Akko, huyu umempa maziwa kwa nini?"

"Amekuja kwangu."

"Na Darmi akienda kwake?"

Akko alimtazama Mwenda mwenye masharubu ya maziwa. Akamtazama Darmi na chai yake ya rangi. Akaongea kwa sauti kubwa ili Mama Mwenda asikie kule bombani.

"Wewe! Darmi akikuja kwako asubuhi, utampa nini?"

Mama Mwenda alishangaa. "Si nitampa kile kizuri niko nacho? Ni mgeni."

"Basi," Akko alisema, na suala likawa limekwisha. "Huyu mtoto kuanzia kesho ni mgeni."

Mambo madogo yalibaki. Akko aliuliza juu ya sufuria, na Mama Mwenda akaapa kwamba nyama ya nguruwe haijawahi kuvuka mlango wake, kisha akatenga kisufuria kipya kwa ajili ya Darmi peke yake. Akko akasema pia kwamba mjukuu wake hatembelei watu mikono mitupu. Kwa hiyo kila asubuhi saa nne Darmi alipelekwa chumba cha pili akiwa amebebwa, na mkononi ameshika yai moja, zawadi ya mgeni. Mama Mwenda alilipokea kwa shukrani, akalichemsha, akalikatakata, akamlisha aliyelileta, na kumwongezea ndengu zilizopondwa. Saa hiyo hiyo Mwenda alikuwa kwa Akko akinywa maziwa. Mchana walibadilishana tena. Kati ya nyumba hizi mbili palikuwa na hatua saba, na zilipitwa kwa heshima kama safari ya kuposa.

Mimi nilienda kwa daktari wetu kukiri. Alicheka hadi akalazimika kuketi, kisha akawa mkali, kama alivyopaswa, akanipa wiki mbili na sharti la kumwona mtoto yeye mwenyewe kila baada ya siku tatu. Ziarani sahani yangu haikukoma, lakini Ekiru alinifundisha njia ya kutokea: nilichopewa ni changu, na changu naweza kumpa nimpendaye. Nilimpakata Darmi, nikala kidogo, nikamlisha kilichobaki. Akko aliona, akaongeza yai la nne.

Siku ya nane Darmi alinipokonya kijiko. Alilia alipoambiwa yai limekwisha, alilia kwa hasira, na Talaso aliniangalia akiogopa nitakasirika. Nilitaka kumbusu.

Ijumaa ya mwisho ploti nzima ilikuja kutazama. Ekiru alitundika mizani kwenye boriti, akairudisha kwenye sifuri, akamtundika Darmi. Mshale ukaenda hadi nane. Watu wakapiga vigelegele. Mimi nikainua fulana ya mtoto nikakuta hirizi mpya ya ngozi, bangili mbili za shaba kwenye kila mguu, na kiunoni kufuli.

"Akko!"

"Ni ya kumsaidia," alisema bila haya.

Tulivua vyote. Ekiru alirudisha sifuri tena, na Talaso aligeuka akatazama ukuta. Mshale ulitikisika, ukatulia. Kilo saba na gramu mia tatu. Nilisoma mara mbili kwa sababu macho yalikuwa yamejaa.

"Mia tatu tu?" Akko alilalamika. "Kufuli ilikuwa nzuri zaidi."

Talaso hakulalamika. Alimchukua mtoto, akakalia ile shuka yenye nguo zilizokunjwa, ambayo hakuwa ameifungua kwa wiki mbili, na pale juu yake akalia hadi akamaliza. Kisha akaifungua, akarudisha nguo kwenye kamba.

Kabla ya mwezi kwisha, saa nne asubuhi Bulla Pesa watoto walikuwa wakipishana njiani wameshika mayai. Mgeni kutoka makao makuu alikuja kuuliza mradi huu unaitwaje na una mwongozo wa kurasa ngapi. Nilimpeleka kwa Akko. Alikataa chai, kwa sababu za kitaalamu, na Akko hakumwambia neno hata moja. Ndiyo maana hamjausoma popote.

Kwa hiyo, wadogo zangu, mkifika nyumbani kwa mtu msiulize kama chakula kipo. Ulizeni kimeingia mdomo gani. Na kabla ya kumtazama mbuzi, jitazameni zipu.

Wiki jana, siku ya tatu ya kustaafu kwangu, niliitwa Bulla Pesa. Ekiru alikuja pia, baiskeli yake sasa ina breki moja. Akko yuko bado, macho yamefifia lakini sauti ni ile ile, na niliketishwa. Darmi ndiye aliyeleta sahani. Ana miaka kumi na miwili, amenipita kimo, na anakimbia mbio za shule hadi walimu wanamwonea wivu. Mayai matatu na vitunguu. Kwa mazoea nilianza kuangalia huku na huku nikitafuta mtoto wa kumgawia.

"Kula tu, Mama Kilo," Darmi alisema. "Sisi tumekula. Leo ni wewe mgeni."

Nikala yote matatu. Ilikuwa mara ya kwanza kula katika nyumba ile bila daftari pajani, na niseme wazi kwamba Akko anajua kukaanga kitu asichokila.

Aliposikia kijiko kimetua, alimgeukia mjukuu wake. "Ameshiba?"

Darmi alichungulia sahani. "Ameshiba, Akko."

"Mzuri," bibi kizee alisema, akapumua vile vile kama zamani. "Basi hataandika."

Nisamehe, Akko. Nimeandika.